Adrian Atiman: Tabibu aliyekaa Karema miaka 67

KIJIJI cha Karema kipo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilometa 100 kutoka Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Wananchi wengi wa leo wanakifahamu kwa bandari iliyojengwa na Serikali ili kuunganisha ukanda wa magharibi wa nchi na upande wa pili wa ziwa, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kabla ya bandari hiyo, na kabla Mpanda yenyewe haijawa mji, jina la Karema lilitajwa mbali kwa sababu ya mtu mmoja. Alikuwa tabibu Mwafrika aliyefika hapo mwaka 1889 akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, akatibu watu hadi uzee wake, na akafariki dunia Aprili 24, 1956. Jina lake ni Adrian Atiman.

Hakuwa mzaliwa wa Tanganyika. Alizaliwa takriban mwaka 1866 katika kijiji kilicho kando ya Mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto mdogo alitekwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, na kufikishwa kaskazini, katika nchi ya Algeria iliyokuwa chini ya Wafaransa. Katika mji wa Metlili, pembezoni mwa jangwa, wamisionari wa shirika la Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha mnamo mwaka 1876. Hakuwaona wazazi wake tena. Mengi yanayojulikana kuhusu utoto huo yanatokana na simulizi aliyoiandika mwenyewe, iliyochapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, wakati huo akiwa na umri wa takriban miaka 80.

Aliyebadili mkondo wa maisha yake ni Kardinali Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers na mwanzilishi wa Mapadre Weupe. Lavigerie alikuwa na tatizo la wazi mbele yake. Wamisionari aliowatuma kwenye maziwa makuu kuanzia mwaka 1878 walikuwa wakifa kwa homa, wengine njiani kabla hawajafika. Katika eneo la Ziwa Tanganyika pekee, maaskofu wawili waliofuatana walifariki ndani ya kipindi kisichozidi miaka mitatu: Charbonnier mwaka 1888 na Bridoux mwaka 1890. Kardinali alifikia uamuzi kwamba kazi ya tiba barani Afrika ingefanywa vizuri zaidi na Waafrika wenyewe, wanaostahimili mazingira, wanaokula na kulala kama wenyeji, na ambao hawatakuwa na nchi nyingine ya kurejea. Alitaka wafundishwe utabibu wa kisasa kikamilifu, lakini maisha yao ya kila siku yabaki ya Kiafrika. Alitaka pia wawe watu wa ndoa, wenye familia katika jamii wanayoihudumia.

Kwa ajili hiyo alifungua taasisi katika kisiwa cha Malta mwaka 1881. Vijana waliokombolewa utumwani, Atiman akiwa mmoja wao, walipelekwa huko kusoma tiba. Mafunzo yalichukua takriban miaka saba. Cheo walichoandaliwa hakikuwa cha daktari wa mjini wala wa jeshi. Kilikuwa cha katekista-tabibu, yaani mtu anayetibu mwili na kufundisha dini, chini ya uongozi wa misheni. Cheo hicho kilikuwa na heshima yake na mipaka yake, na Atiman aliishi ndani ya vyote viwili.

Mwaka 1888 alianza safari ya kwenda bara. Haukuwa wakati mzuri wa kusafiri. Katika mwaka huohuo wananchi wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walisimama kupinga Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na njia za misafara ziligeuka uwanja wa vita. Msafara uliokuwa na Atiman ulitembea miezi mingi kutoka pwani hadi ziwani. Kijana aliyevushwa jangwa akiwa mtumwa sasa alikuwa akikatiza bara kwa miguu akiwa na sanduku la vifaa vya tiba, katika njia ambayo misafara ya watumwa ilikuwa bado inaitumia kuelekea upande wa pili.

Karema aliyoikuta ilikuwa ngome zaidi kuliko kijiji. Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, chini ya Kapteni Cambier, waliijenga mwaka 1879, na mwaka 1885 waliikabidhi kwa Mapadre Weupe. Ndani na kandokando ya ngome hiyo waliishi watu wa makabila mbalimbali waliokombolewa au kutoroka utumwani, pamoja na Wabende na Wafipa wenyeji wa eneo hilo. Ziwa lote lilikuwa chini ya kivuli cha Rumaliza, mfanyabiashara mwenye nguvu wa Ujiji, ambaye watu wake waliendelea kuteka vijiji vya mwambao hadi miaka ya mwanzo ya 1890. Wagonjwa wa kwanza wa Atiman, basi, walikuwa watu wenye historia inayofanana na yake. Hilo halikumaanisha kwamba walimwamini mara moja. Alikuwa mgeni kwa lugha na kwa sura, mfuasi wa dini mpya, na dawa zake zilitoka kwenye chupa ambazo hakuna aliyejua kilichomo.

Alilazimika kujifunza upya. Lugha ilikuwa ya kwanza, kwa kuwa mgonjwa asiyeeleweka hatibiki ipasavyo hata kama tabibu amesoma miaka saba. La pili lilikuwa dawa za wenyeji. Atiman hakuzidharau. Alizichunguza, akajifunza mizizi na majani yaliyotumika katika nchi ile, na kuyatumia pale yalipofaa. Kulikuwa na hekima ya kawaida katika hilo. Dawa za Ulaya zilifika Karema kwa meli hadi Zanzibar, kisha kwa vichwa vya wapagazi kwa miezi kadhaa, na kilichoharibika kwa joto au kuibwa njiani hakikuweza kuagizwa tena hadi msimu mwingine. Tabibu aliyetegemea sanduku lake peke yake angekuwa hana kazi kwa nusu ya mwaka.

Katika mwaka uleule wa kufika kwake, 1889, alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kichifu wa Wabende. Waandishi wengi wa maisha yake hulipita jambo hili kwa sentensi moja, ingawa huenda ndilo lililokuwa na uzito kuliko mengine yote. Kwa ndoa hiyo Atiman alipata shemeji, wakwe na wajomba. Alipata watu wa kumtetea mgonjwa alipofia mikononi mwake, na watu wa kumweleza kwa nini familia fulani ilificha mtoto mwenye ndui badala ya kumleta. Kijana ambaye hakuwa na ukoo tangu utotoni aliingizwa katika ukoo. Bila Agnes angebaki kuwa mgeni wa misheni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kila aina. Katika kituo chenye tabibu mmoja, hakuna mgawanyo wa daktari, muuguzi, mfamasia na mpasuaji. Anayetoa risasi mwilini ndiye anayefua bendeji, na anayepima dawa ndiye anayekesha na mgonjwa usiku ili kuona kama homa imeshuka. Majeraha ya vita na ya wanyama, vidonda ndugu vinavyokula mguu hadi mfupa, homa za malaria, kuhara damu, buba na ndui ndiyo maradhi yaliyotawala mwambao wa ziwa katika miongo ile. Kwa mengi kati ya hayo, utabibu wa mwisho wa karne ya 19 ulikuwa na dawa chache: kwinini kwa malaria, chanjo kwa ndui pale ilipofika ikiwa bado hai, usafi wa kidonda na kisu. Yaliyobaki yalikuwa uuguzi, yaani maji, chakula, usafi, kumgeuza mgonjwa, na kutomwacha peke yake. Umuhimu wa sehemu hiyo ya tiba hauonekani sana katika kumbukumbu za kitabibu, kwa kuwa haina jina la ugonjwa wala la dawa.

Mzigo huo ulipungua kiasi baada ya masista kufika Karema katika miaka ya 1890. Mwaka 1907 Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza eneo hilo kuanzia 1891 hadi kifo chake mwaka 1917, alianzisha hapohapo Karema shirika la masista Waafrika la Maria Malkia wa Afrika. Wasichana wa Kibende na Kifipa waliojiunga nalo walikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa ukanda huo kuishi kwa kazi ya kufundisha na kuhudumia wengine. Shirika hilo lipo hadi leo.

Kipindi kigumu zaidi kilikuja na malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliokuwa umeangamiza watu wengi katika visiwa na mwambao wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda, ulianza kuenea pia kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Profesa Robert Koch wa Ujerumani alifanya utafiti katika visiwa vya Ssese mwaka 1906 na 1907, na baada ya hapo Serikali ya Kijerumani iliweka kambi za kuwatenga na kuwatibu wagonjwa, pamoja na kufyeka vichaka vya mwambao ambamo mbung'o huishi. Dawa iliyotumika, atoksili, ilitokana na aseniki. Ilipunguza vijidudu katika damu, lakini ilishindwa kuponya wengi, na baadhi ya waliodungwa kwa kipimo kikubwa walipofuka macho.

Hapa ndipo tatizo la huduma ya afya linapoonekana kwa ukubwa wake. Serikali ilikuwa na sayansi, askari, fedha na amri. Wananchi waliona tezi za shingo zikitobolewa sindano, jamaa zao wakipelekwa kambini na baadhi yao wakirudi vipofu au wasirudi kabisa, na wakajibu kwa kukimbia. Mgonjwa aliyekimbilia porini alikwenda na ugonjwa wake hadi kijiji kingine. Karema ilikuwa ndani ya ukanda huo wa malale, na tabibu wake alikuwa tayari ameishi hapo karibu miaka 20. Watu walimjua yeye, mke wake na mtoto wao. Imani ya namna hiyo haikuweza kuagizwa kutoka Berlin, wala kuletwa na daktari wa msafara aliyekaa miezi sita na kuondoka. Ni haki pia kusema kwamba imani peke yake haikuponya malale. Dawa zenye nguvu zaidi zilipatikana baadaye, katika miaka ya 1920, na hata hizo zilikuwa na hatari zake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipita juu ya ziwa kwa mizinga ya meli na misafara ya wapagazi. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji na Uingereza yaliingia magharibi mwa nchi, Wajerumani wakaondoka, na Atiman akajikuta chini ya utawala mwingine. Kwa mgonjwa wa Karema, bendera iliyopepea haikubadili mahali pa kwenda kutibiwa. Mwaka 1923 mwanawe, Joseph, alipewa daraja la upadre na kuwa miongoni mwa mapadre wa kwanza Waafrika katika sehemu hiyo ya Tanganyika.

Waingereza walikuwa na mpango wao. Kuanzia mwaka 1926 idara ya tiba ya Tanganyika ilihimiza serikali za wenyeji kufungua zahanati ndogo zinazoendeshwa na wauguzi wa vijijini waliopewa mafunzo mafupi. Sindano za kutibu buba, ambazo ziliponya vidonda kwa muda mfupi mbele ya macho ya watu, zilivuta maelfu kwenye vituo hivyo kote nchini. Mpango ulikuwa mzuri kwa jinsi ulivyofika mbali, lakini ulikuwa dhaifu kwa sababu ya mafunzo haba, dawa chache na usimamizi wa nadra. Katika nyika za Mpanda, ambako vijiji vilitawanyika katikati ya misitu ya miombo na mbung'o, tatizo lilikuwa kubwa zaidi. Serikali ililazimika kuwahamishia wakazi wa baadhi ya maeneo ya magharibi katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale, hatua iliyookoa maisha na wakati huohuo kuwatenga watu na mashamba, makaburi na mizinga yao ya nyuki.

Chuo cha Makerere nchini Uganda nacho kilianza kufundisha matabibu Waafrika katika miaka hiyo ya 1920. Wakati wanafunzi wake wa kwanza wanaingia darasani, Atiman alikuwa ametibu watu kwa zaidi ya miaka 30. Hata hivyo hakuwa sehemu ya mfumo wao. Hakuwa na ngazi ya kupanda, hakuhamishwa kwenda kituo kikubwa, na hakuwa na msaidizi wa ngazi yake ambaye angemrithi. Huu ndio upungufu mkubwa wa mpango wa Lavigerie: ulizaa watu wachache wenye uwezo mkubwa, kisha ukakoma. Kardinali alifariki mwaka 1892, na kundi jingine la ukubwa ule halikuandaliwa. Uwezo wa kituo cha Karema ulibaki ndani ya mwili wa mtu mmoja anayezeeka.

Swali la kwa nini hakuondoka linastahili kuulizwa, kwa kuwa linahusu jambo ambalo mikoa ya pembezoni inalijua vizuri. Mtumishi wa afya hupangiwa kituo cha mbali, huripoti, hukaa kwa muda, kisha hutafuta uhamisho. Hakuna ajabu katika hilo. Nyumba, shule ya watoto, barabara na umeme vina uzito katika maisha ya mtumishi yeyote. Atiman alikuwa na vichache kati ya hivyo. Imani yake ya dini ilikuwa sababu ya wazi. Lakini kulikuwa na nyingine zinazoonekana kwa macho. Alikuwa na nyumba Karema. Alikuwa na mke wa Karema. Alipata heshima kwa wenyeji ambayo asingeipata Malta wala Algiers. Na kijiji chake cha utotoni, kule Niger, kilikuwa kimefutwa na utumwa kiasi kwamba hakikuwa tena mahali pa kurudi. Sababu hiyo ya mwisho ni ya huzuni, na si ya kuombewa mtumishi yeyote.

Ziwa lenyewe lilibadilika mbele yake. Maji yaliyokaribia kuta za ngome wakati wa Wabelgiji yaliendelea kurudi nyuma baada ya Mto Lukuga, upande wa Kongo, kufungua njia yake, na ufuko ukawa mbali. Mwaka 1950 reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na kwa mara ya kwanza eneo hilo likawa na njia ya haraka ya kufika Tabora na Dar es Salaam. Atiman alikuwa na umri wa miaka ipatayo 84. Dawa ambayo wapagazi waliibeba kwa miezi sasa ingeweza kufika Mpanda kwa siku chache, ingawa kati ya Mpanda na Karema bado ilibaki safari ya milima na misitu.

Katika uzee wake alipewa nishani kadhaa kwa utumishi wake. Alifariki akiwa Karema, baada ya miaka 67 katika kituo kimoja, jambo ambalo ni vigumu kulipatia mfano katika historia ya tiba nchini.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, miaka mitano baada ya kifo chake, ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na kwa hicho nchi ikaanza kuzalisha wataalamu wake kwa mfululizo ambao Malta haikuwahi kuwa nao. Katavi ilipotengwa na Rukwa na kuwa mkoa kamili mwaka 2012, huduma za afya za ngazi ya mkoa zilianza kujengwa Mpanda, ambako leo ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, na wagonjwa kutoka mwambao wa Karema hupelekwa huko kwa gari.

Jina la Atiman halikupotea. Huko Sumbawanga, katika mkoa jirani wa Rukwa, hospitali ya Kanisa Katoliki inaitwa kwa jina lake, na wagonjwa wanaopanga foleni asubuhi kwenye mlango wake hulitamka kila siku wakiomba kadi. Jina hilohilo limepewa pia nyumba ya Mapadre Weupe jijini Dar es Salaam.